Mbigili: Wahi Ua la Kwanza

Wengi huijua mbigili kwa unyayo kabla hawajaiona kwa macho. Mtoto katoka peku kufuata mpira, mara analia, na kwenye kisigino kimenasa kijipande kigumu chenye miiba. Siku hiyohiyo mwenye nyumba anamwita kijana aje na fyekeo, nyasi zinafyekwa mpaka udongo unaonekana, na mvua mbili tatu zikishapita mbigili imerudi maradufu. Kijana hana kosa, katumwa. Lakini kufyeka chini namna hiyo ni kuiandalia mbigili makao.

Mbigili, kwa jina la kisayansi Tribulus terrestris, hupenda jua kali na udongo ulio wazi, ndiyo maana katika sehemu kavu kama Dodoma inastawi sana. Kivulini hudhoofika. Hutambaa ikiwa imelala juu ya ardhi, matawi yakisambaa kutoka kwenye mzizi mmoja hata kufikia mita moja na zaidi. Vijani vyake vidogo hupangana jozi jozi, na ua lake ni la njano, lenye petali tano, huchanua asubuhi. Kwa kuwa imelala, mashine ya kukatia nyasi hupita juu yake bila kuigusa. Zinazokatwa ni nyasi zilizokuwa zikiinyima mwanga.

Chukua tunda moja lililokomaa ulivunje taratibu. Litaachana vipande vitano, na kila kimoja kina miiba miwili mirefu na miwili mifupi, iliyokaa kwa namna ambayo kipande kikianguka vyovyote vile, mwiba mmoja huelekea juu. Ndani ya kila kipande mna mbegu kadhaa, na haziamki zote pamoja. Moja itaota msimu huu, nyingine zitakaa udongoni miaka minne, mitano, zikingoja zamu yake. Hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa: wameng'oa kila kitu kwa mikono yao, mwaka unaofuata wanaona nyingine, wanadhani kazi yao ilikuwa bure. Haikuwa bure. Wanalipa deni la matunda yaliyoachwa yadondoke miaka ya nyuma, na deni hilo hupungua mradi lisiongezwe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni muda. Mche wa mbigili huweza kutoa maua wiki tatu hadi tano tu tangu uchomoze. Mvua zikianza, zungukia uwanja wako kila wiki, na ukiona ua la njano ujue umebakiwa na siku chache kabla ya miiba. Ng'oa ardhi ikiwa na unyevu. Usivute tawi, litakatika. Fuata matawi mpaka yanapokutania, ingiza kisu cha zamani hapo, ukate mzizi chini ya shina. Mmea huu si wa kudumu, ukikatwa hapo hauchipui tena. Ukishakuwa na matunda, kunja matawi kuelekea katikati kabla ya kuunyanyua, uutie kwenye gunia. Usiutupe kwenye shimo la mboji wala usiwarushie mbuzi. Afrika Kusini wafugaji wanaujua vizuri ugonjwa wa kondoo na mbuzi unaotokana na mbigili: uso huvimba na ngozi huungua kwa jua.

Miiba iliyokwisha kudondoka iokote kwa zulia kuukuu. Liburute polepole juu ya eneo lote, uligeuze, utaona ilivyonasa. Kagua pia soli za kandambili na tairi za baiskeli, kwa sababu ndizo zinazoingiza mbegu getini.

Na dawa? Kwa uwanja wa nyumbani mimi huiweka mwisho. Glaifosati huua mbigili pamoja na nyasi, ukabaki na udongo mtupu, yaani hali ileile mbigili inayoitaka. Dawa ya 2,4-D huua magugu ya majani mapana ikaacha nyasi, ila inapeperuka. Mizabibu, nyanya na pamba huathirika hata kwa kiasi kidogo, na Dodoma shamba la zabibu la jirani haliko mbali. Ukilazimika, soma lebo, pulizia miche michanga asubuhi isiyo na upepo, na watoto wasikanyage hapo mpaka muda ulioandikwa uishe. Isitoshe, kama kinachochoma kwako ni nyasi yenye vichwa vya miiba, 2,4-D haitaisaidia bustani yako, kwani hiyo nayo ni nyasi. Na kama ni kifauongo, ule mmea unaofumba majani ukiguswa, mzizi wake ni mgumu na hudumu. Chimba mpaka utoke.

Kazi inayobaki ni kuziba mapengo. Panda vipande vya ukoka kila ulipong'oa, weka samadi iliyooza vizuri, kwani mbichi huja na magugu yake, mwagilia mpaka ushike. Kisha mwambie anayekata nyasi aziache ziwe na urefu wa sentimita tano hivi. Pale zilipofungamana, mche wa mbigili hukosa jua.

Kabla ya yote hayo, toka nje ya geti uangalie kandokando ya njia. Kama mbigili ipo, anza nayo hiyo, na umwombe jirani naye aondoe ya kwake kabla haijazaa.