Kimuli haioni bahari, bali huishi kwa pepo zake

Msomaji wa utabiri wa hali ya hewa redioni anapofikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 katika ukanda wa Bahari ya Hindi, aghalabu ndipo watu wa bara wanapoacha kusikiliza. Yatuhusu nini? Kimuli iko wilayani Kyerwa, katika pembe ya Kagera inayopakana na Rwanda na Uganda, na mwenye kutaka kuiona bahari kutoka huko hana budi kuivuka nchi nzima. Huko kuna migomba, mibuni na maharage, jahazi hakuna. Hata hivyo, tunathubutu kusema kwamba mzazi wa Kimuli asiyesikiliza habari za bahari huziacha habari za shamba lake mwenyewe.

Tuanze na pepo zenyewe. Watu wa pwani wamezigawa tangu zamani. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, tangu Aprili au Mei mpaka Septemba au Oktoba. Baina ya hizo mbili kuna kipindi cha upepo mchache usio na uelekeo wa kutegemewa, ambacho mabaharia hukiita maleleji. Majahazi ya Oman na ya Bara Hindi yalizijia Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa kaskazi, yakangoja, kisha yakarejea kwa kusi. Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyezaliwa Julfar, aliandika kitabu kizima juu ya nyota, njia za bahari na nyakati za kutweka tanga. Waarabu waliziita nyakati hizo mawsim, na hapo ndipo tulipopata neno msimu. Kwa hiyo mkulima wa Kimuli anayezungumzia msimu wa maharage anatumia neno la mabaharia, na wala hakulikosea mahali pake.

Maana mvua zake nazo hufuata zamu hizo hizo. Kimuli iko digrii moja na ushei tu kusini mwa Ikweta, na ukanda wa mvua unaolifuata jua hupita juu yake mara mbili kwa mwaka. Masika, ya Machi hadi Mei, hunyesha kaskazi ikimpisha kusi. Vuli, ya Oktoba hadi Desemba, hunyesha kusi ikimpisha kaskazi. Na kusi inaposhika nguvu mwezi wa Juni na Julai, wavuvi wa pwani wakavuta vyombo vyao nchi kavu, Kimuli hupata jua kavu la kuanikia kahawa. Dhiki ya mmoja ni nafuu ya mwingine, na upepo ni ule ule mmoja.

Si haki kusema kwamba kila tone latoka baharini. Ziwa Viktoria lina hali ya hewa yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka kingo zote kuelekea ziwani, hewa hukutana katikati na kupanda juu, na radi huanza. Dhoruba hizo husukumwa magharibi, ndiyo maana Bukoba huamka na mvua na hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukizidi kwenda magharibi, Karagwe hadi Kyerwa, mvua hupungua sana. Upande wa pili uko msitu wa Kongo, ambao nao hutoa hewa yenye unyevu. Kimuli basi ipo baina ya majirani watatu wanaoipa maji: ziwa, msitu na bahari. Lakini huyu wa tatu, aliye mbali kuliko wote, ndiye mwenye uwezo wa kuwavuruga wenzake.

Huvuruga vipi? Kwanza kwa joto. Miaka mingine maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, hupata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia hupoa. Hapo mvua hunyesha huku na ukame hushika kule. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, na Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita moja katika miaka michache iliyofuata. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, na tena mwaka 2019, vuli ilipoleta mafuriko Afrika Mashariki nzima. Mambo yakigeuka, maji ya upande wetu yakapoa, vuli huwa haba.

Pili, kwa vimbunga. Kimbunga hakiwezi kufika Kimuli, kwa kuwa karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kukisokota. Mkono wake, hata hivyo, ni mrefu. Kusini mwa Ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa, hivyo kikikaa kusini yetu, hewa iliyo kaskazini mwake huvutwa kutoka magharibi kwenda mashariki. Sasa tazama tofauti. Machi 2018 vimbunga vilipita mashariki ya Madagaska, upepo wa magharibi ukaleta unyevu wa Kongo, na mvua zikawa nyingi mno. Machi 2019 Kimbunga Idai kilikaa katika mlango-bahari wa Msumbiji, kikaipiga Beira, na masika ya Afrika Mashariki yakachelewa kwa majuma kadhaa. Ni bahari moja na mwezi mmoja, lakini matokeo yamepingana kwa sababu ya mahali kimbunga kilipokaa.

Tunapendelea mfano huu wa 2019 kwa kuwa unagusa mfuko. Familia nyingi huwa na mbegu ya maharage ya kupanda mara moja tu. Mvua mbili za kwanza zikidanganya, mbegu ikachipua kisha ikaungua, hakuna mbegu nyingine ila ya kukopa, na ada ya shule ya watoto husubiri. Mwenye kujua kwamba kuna kimbunga katika mlango-bahari wa Msumbiji ana sababu ya kupanda nusu na kubakiza nusu.

Wapo wanaosema kwamba kutabiri mvua ni kuingilia ghaibu. Heshima yao tunaitunza, lakini hatuoni hivyo. Mtaalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hadai kuijua ghaibu. Anapima joto la bahari, anatazama picha za satelaiti, kisha anasema lililo karibu zaidi kutokea. Mzee anayetazama mawingu ya mashariki na kumwambia mjukuu aanue kahawa hafanyi tofauti. Qur'ani yenyewe imetutaka mara nyingi tuzitazame pepo na mawingu. Tunachokilalamikia sisi ni lugha: mvua za wastani hadi chini ya wastani ni maneno mazuri ofisini, lakini mama wa Kimuli anataka kujua apande lini.

Kuna jambo jingine, la wasafiri. Vijana wa Kagera huenda Unguja kusoma na kufanya biashara. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo mkali. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, tahadhari ilitolewa mapema na safari za boti kwenda Zanzibar zikasimamishwa. Mzazi aliye Kimuli ana simu. Anaweza kumwuliza mwanawe kama amesikia tangazo. Angalizo, lenye rangi ya manjano, lataka watu wawe macho. Tahadhari, ya rangi ya chungwa, ni nzito zaidi. Tahadhari kubwa, nyekundu, haina mjadala: safari iahirishwe, hata kama tiketi imekwisha lipiwa na harusi ni kesho.

Kwa wakulima, utabiri wa vuli hutolewa kwa kawaida mwishoni mwa Agosti, kahawa ikiwa bado inamalizikia kuanikwa. Sikilizeni hasa panapotajwa joto la Bahari ya Hindi upande wa magharibi: likizidi kawaida, mifereji ya shamba ichimbwe kabla ya Oktoba; likipungua, mbegu inayokomaa mapema ndiyo ya kutafuta sokoni.