DERRICK: JINA LILILOTOKA KWENYE KAMBA YA MNYONGAJI



Mashini ya kuinua mizigo unaijua. Hapa Lubumbashi tunaiita «grue», kwa Kifaransa. Jina hilo ni la ndege mwenye shingo ndefu, na Waingereza nao waliipa jina la ndege huyohuyo. Lakini mashini hiyo ina ndugu yake wa zamani: derrick. Jina lake halikutoka kwa ndege. Lilitoka kwa mtu, na kazi ya mtu huyo ilikuwa kuua.

Derrick alikuwa nani?

Karibu mwaka 1600, pale Tyburn, mjini London, waliohukumiwa kufa walinyongwa mbele ya watu wote. Mnyongaji aliitwa Derrick. Alijulikana sana, hata kila mnyongaji akaitwa «derrick», kisha mti wenyewe wa kunyongea ukaitwa vivyo hivyo.

Mabaharia wa Uingereza wakalichukua jina hilo. Melini palikuwa na mti mrefu: mguu wake umeshikwa chini ya mlingoti, kichwa chake kinavutwa na kamba, na mzigo unaning'inia kwenye ncha. Waliuona unafanana na ule wa Tyburn.

Baadaye jina likapanda nchi kavu. Kule Titusville, Marekani, kisima cha petroli cha Drake kilitobolewa mwaka 1859. Minara ya visima vya namna hiyo nayo ikaitwa derrick. Wafaransa wakaliazima neno bila kulibadili.

Hata mji wetu uliitegemea kazi ya meli. Reli ilifika hapa mwaka 1910, na kiwanda cha kuyeyusha shaba kikaanza mwaka 1911. Vyuma vizito vilivyotoka Ulaya vilivuka bahari kwanza, vikashushwa bandarini, ndipo vikapakiwa kwenye treni.

Jina hili linatuonya nini?

Kamba haijui kama imebeba shaba au mtu. Inajua uzito tu. Angalia hesabu hii. Mzigo wa tani 1 umefungwa kwa kamba mbili kwenye ndoano moja. Kama kamba zimesimama wima, kila moja inabeba nusu tani. Zikipanuka hata pembe kati yao iwe digrii 120, kila kamba inabeba tani 1 nzima! Mzigo haukuongezeka, ufungaji ndio mbaya.

Tena, kadiri mti wa derrick unavyolala kwenda mbali, ndivyo kamba inayoushika inavyovutwa kwa nguvu zaidi. Mzigo unaoinuliwa vizuri karibu unaweza kuangusha mashini ukipelekwa mbali.

Na kitu kikianguka? Kutoka mita 20 kinafika chini kwa sekunde 2 hivi, na mwendo wake unafika kilomita 70 kwa saa. Wenzako hawana nafasi ya kukuita. Kofia yako ya kazi ni kinga ya vitu vidogo. Haizuii mzigo wa tani.

Kwa hiyo, shika haya:

1. Usipite wala kusimama chini ya mzigo unaoning'inia, hata kwa hatua mbili.
2. Kabla ya kazi, kagua kamba, minyororo na ndoano. Kamba yenye nyuzi zilizokatika itolewe kazini.
3. Jua uzito wa mzigo na usizidishe kipimo kilichoandikwa kwenye mashini.
4. Mtu mmoja tu atoe alama za mikono. Lakini alama ya «simama» yeyote anaweza kuitoa, na ni lazima itiiwe.
5. Mzigo usiachwe hewani wakati wa mapumziko.

Wale wa Tyburn walipelekwa chini ya kamba kwa nguvu. Wewe, ndugu, nani anakulazimisha? Zunguka. Njia ndefu ndiyo itakayokufikisha nyumbani jioni.