Saini Hulinganishwa na Nini?

Mtu akiletewa hati yenye saini ya kiongozi au mwandishi wa zamani, kwa kawaida huanza kwa kuuliza kama saini hiyo inafanana na nyingine za mtu huyo. Swali hilo ni halali, ila lina jingine linalolitangulia: inafananishwa na zipi, na hizo nazo zilitoka kwa nani? Hakuna kisa kinachoonyesha waziwazi hasara ya kuliruka swali hili kuliko kile cha shajara za Adolf Hitler. Jarida la Stern la Ujerumani Magharibi lilizitangaza jijini Hamburg tarehe 25 Aprili 1983, likiwa limezilipia takriban marki milioni 9.3. Mapema lilikuwa limewapa wataalamu wa miandiko, wakiwemo Max Frei-Sulzer wa Uswisi na Ordway Hilton wa Marekani, hati zilizotoka mahali pamoja na shajara hizo, nao wakajibu kwamba mwandiko ni wa Hitler. Hawakuwa wababaishaji. Kasoro ilikuwa kwenye vielelezo: baadhi ya hati walizopewa kuwa ni mwandiko halisi wa Hitler zilitokana na Gerd Heidemann, mwandishi wa Stern aliyezileta shajara zenyewe, na zilikuwa zimeghushiwa na mtu yuleyule aliyeghushi shajara, Konrad Kujau. Kwa hiyo walipoona mkono mmoja pande zote mbili, waliona sawasawa. Mkono ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa Kujau.

Wapo watakaosema kwamba jicho lililozoea haliwezi kudanganywa hivyo, kwa sababu mghushi hujifichua kwa namna anavyoandika. Kuna ukweli mkubwa hapo. Anayeiga saini kwa kuichora huenda polepole. Mstari wake hutetemeka, kalamu huinuliwa pasipotarajiwa, na ncha za herufi huishia butu badala ya kufifia. Na kwa kuwa hakuna anayetia saini mara mbili bila tofauti hata kidogo, saini mbili zinazolaliana barabara ni dalili kwamba moja imenakiliwa juu ya nyingine. Lakini dalili hizi humnasa anayechora, si aliyeuzoea mwandiko wa mwenzake hata ukawa kama wake. Kujau alijaza madaftari yapatayo 60. Mtu aliyeandika kiasi hicho hatetemeki tena.

Kilichomwangusha ni daftari lenyewe. Tarehe 6 Mei 1983 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho ilitangaza kwamba shajara ni bandia: karatasi ilikuwa na kemikali ya kung'arisha weupe iliyoanza kutumika miaka ya 1950, ambayo hung'aa ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, na katika ujalidi mlikuwa na nyuzi za kisasa. Hitler alikufa mwaka 1945. Taa kama hiyo haina gharama ya kutisha, na ingekuwa busara kuiwasha kabla ya kumlipa mtu yeyote. Hata hivyo maabara nayo ina mpaka wake, na hapa pingamizi la wakusanyaji wa hati lina nguvu: karatasi ya kale hupatikana. Mwishoni mwa karne ya 18 William Henry Ireland wa London alighushi hati za Shakespeare juu ya kurasa tupu alizozitoa katika vitabu vya zamani. Karatasi yenye umri mbaya huthibitisha uongo. Yenye umri sahihi haithibitishi saini.

Kinachobaki ni njia ambayo hati imepita, mkono kwa mkono, tangu ilipoandikwa. Nayo huchunguzwa pingili kwa pingili, kwa maana hadithi nzuri ya asili huweza kuwa na ukweli nusu. Ilisemekana shajara ziliokolewa kutoka kwenye ndege iliyoanguka karibu na Börnersdorf mnamo Aprili 1945. Ndege hiyo ilianguka kweli, na Heidemann aliyaona makaburi ya waliokufa humo. Ila kaburi huthibitisha ajali tu, halisemi lolote juu ya mzigo, wala juu ya nani aliutunza kwa karibu miaka 40. Alipotakiwa kumtaja aliyempa madaftari, Heidemann alikataa, na wakubwa wake wakaridhia. Hapo ndipo ununuzi ulipopaswa kusimama, kabla mtaalamu yeyote wa mwandiko hajaitwa.