Posho ya mwanafunzi si posho ya muchimbaji

Hapa Katanika, ukisema mutoto wako anataka kupunguza kilo, watu wanacheka. Wanakuuliza: kuna familia za wakimbizi wa vita wanaotafuta bukari ya mara moja kwa siku, na ninyi muko munalia juu ya unene? Kicheko hicho tunakielewa. Tangu mapigano ya 2016 na 2017 tuliona watu wakifika huku na mabunda kichwani. Lakini jambo hili lilitokea nyumbani mwetu, na halikutuchekesha.

Binti yetu ana miaka 15. Wenzake wa darasa walimupa jina la "tanki". Hakutuambia kitu. Alianza tu kuacha chakula: asubuhi chai ya rangi, kisha masomo mpaka saa sita na nusu. Siku moja tukaitwa: ameanguka wakati wa mapumziko.

Muuguzi wa kituo cha afya hakumupa kidonge. Aliuliza: jana alikula nini? Tukaanza kuhesabu, na haya ikatushika. Asubuhi yote bure. Kutoka masomo, njaa inamushinda, mandazi tano na chupa ya sukre. Mangaribi, mulima wa bukari. Mutoto anajitesa na hapungui hata kidogo! Muuguzi akatuambia: huyu bado anakua, musimunyime chakula. Akirefuka bila kuongeza kilo, njo tayari ni faida.

Sisi ni watu wa sindika ya migodi, kazi yetu ni kuhesabu saa, mushahara na posho. Wazee wetu walipewa unga na Union Minière, kisha na Gécamines. Posho ile ilikuwa ya mutu anayeshinda kazini na mikono yake. Kazi ilikwenda, sahani ikabaki: bukari kubwa, mboga kidogo pembeni. Mutoto anayekaa kwenye benchi saa tano anapewa sahani ya muchimbaji, kisha tunashangaa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gramu 1 ya unga au ya sukari inatoa kalori 4, gramu 1 ya mafuta inatoa 9, na andazi linakunywa mafuta kama sponji. Chupa ya Coca-Cola ya sentilita 33 iko na sukari gramu 35 hivi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema afadhali mutu asipite gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku. Kwa chupa moja umekwisha kupita.

Basi sasa anabeba kopo lenye kifuniko. Ndani tunaweka ndakala kavu za kuchoma, si za kukaanga, anazokula na kichwa na mifupa, maharagi ao kiazi kitamu cha kuchemsha, lengalenga nyingi, kipande cha papai, ao embe kwa majira yake. Sombe hatukuiacha, nani angekubali? Mawese tunapima kwa kijiko badala ya kumwaga. Maji ni ya kuchemsha, maana hapa Kalemie kolera tunaijua. Pesa ya mandazi na sukre njo tunanunulia ndakala. Hata moto ya kumupeleka masomo tuliacha kulipa. OMS inaomba dakika 60 za kujitikisa kila siku kwa watoto, na barabara ya Katanika inazitoa bure.

Wiki ya kwanza alikataa kopo, eti ni chakula cha kijiji. Tukamuachia apike mwenyewe, hapo akalikubali. Habari ya lile jina tuliipeleka kwa mwalimu wake, naye alizungumza na darasa.

Wazazi fulani wanataka wamama wa mandazi wafukuzwe mulangoni pa masomo. Hapo sisi tunakataa kabisa. Wengi kati yao ni wakimbizi, na beseni lile njo linalisha watoto wao. Tuliwaomba waweke pia karanga za kuchemsha, mahindi na ndizi. Wawili wamejaribu, na ndizi zinakwisha mbele ya mandazi.

Kilo tunapima mara moja kwa mwezi, kwenye kituo cha afya, si kila asubuhi mbele ya kioo. Jana alirudi na kopo tupu, akasema ndakala zilikuwa kidogo, kesho tuongeze.