Jioni Tulipoitazama Sinema ya Wanafunzi wa Kisangani

Si jambo jepesi kwa mwalimu kuketi kati ya wanafunzi wake na kuitazama aibu yake ukutani. Hayo yalitupata Jumamosi moja jioni katika jumba la parokia. Tulitundika shuka nyeupe, tukaonyesha sinema ya Dieudo Hamadi iitwayo « Examen d'État », yaani Mtihani wa Serikali. Walifika wanafunzi wa mwaka wa sita, wazazi wao, na walimu wachache. Tuliagana kwamba taa zikiwashwa, hakuna atakayerudi nyumbani kabla ya watu kusema waliyoyaona.

Hamadi ni mwana wa Kisangani, aliyezaliwa mwaka 1984. Alisomea utabibu kabla ya kushika kamera. Sinema hii ilitoka mwaka 2014. Hamna waigizaji ndani yake: ni wanafunzi wa kweli wa mji ule, wanaojitayarisha kwa mtihani wa mwisho wa sekondari. Asiyeushinda hapati diploma, wala mlango wa Chuo Kikuu haumfungukii. Twawaona wanafukuzwa darasani kwa kuwa hawakulipa pesa za walimu. Basi wanajikusanya katika nyumba moja ili wasome pamoja usiku. Siku ya mtihani inapokaribia, wengine wakimbilia wahubiri na waganga kutafuta baraka, na wengine watafuta majibu ya kununua.

Mwanzoni vijana wetu walicheka sana, maana walijiona wenyewe. Taa zilipowashwa, mmoja wao akasimama kwa ushujaa. « Hawa hawakukosa, » alisema. « Mtu akifukuzwa darasani, asiyofundishwa atayajuaje? Akinunua jibu, ananunua kile alichonyimwa. » Wenzake wakampigia makofi. Ndipo msichana aliyeketi nyuma akamwuliza taratibu: « Na yule aliyekesha akisoma, asinunue kitu, utamwambia nini siku ya matokeo? » Makofi yakakoma. Kijana akaketi, lakini hakukubali kwamba ameshindwa, na kwa kweli hakuwa ameshindwa kabisa.

Mama mmoja, muuza samaki sokoni, hakuipenda sinema hata kidogo. Aliuliza kwa nini mtoto wa Kisangani awapelekee watu wa Ulaya taka za nyumba yake wazitazame. Katekista wetu akamjibu: « Mama, taka hizo twazikanyaga kila asubuhi. Yeye amewasha taa tu. » Mama akasema kwamba hata taa mtu huiwasha nyumbani mwake kwanza, kabla ya kuwaita jirani. Twakiri kwamba neno hilo lilitupendeza. Hata hivyo twaona Hamadi hawacheki vijana wale. Akaa nao karibu, anyamaza, awaacha wafanye yao. Kama ana kosa, ni kwamba atazama mambo kwa upande wa wanafunzi zaidi, na nyumba ya mwalimu yabaki mbali.

Sisi twaijua nyumba ile. Katika miaka ya 1990, Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu ipasavyo, wazazi ndio walioubeba mzigo, na Kanisa lenyewe lilikubali mpango huo ili shule zisifungwe. Mwezi wa Septemba 2019 masomo ya bure yalianzishwa katika shule za msingi za Serikali na zile za mashirika ya dini zilizo chini yake. Sekondari haikupata neema hiyo. Kwa miaka kadhaa tulishika daftari la majina. Asubuhi tulisoma majina ya wasiolipa, nao wakatoka nje mmoja mmoja, mikoba mkononi. Nyumbani kwetu unga ulikuwa umekwisha, na majina yale ndiyo yaliyokuwa unga wetu.

Tulipokuwa tukieleza hayo, baba mmoja kijana, aliyempakata mtoto wake, akasema: « Mwalimu, mwaka ule ulinitoa nje mara nne. » Hakusema kwa hasira. Hatukupata la kumjibu, ila tulimtaja kwa jina lake, kwa maana hatukulisahau.

Wazee watakumbuka sinema za namna nyingine. Katika miaka ya 1950, huko Kasai, Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alitengeneza zile za Matamata na Pilipili, ambazo watu walizichekea mpaka machozi. Siku hizo mara nyingi msemaji alisimama kando ya shuka akiwaeleza watazamaji lililo jema na lililo baya. Katika sinema za Hamadi hayupo msemaji wa namna hiyo. Watazamaji wajisemea wenyewe, nao hawasemi neno moja.

Jumamosi ya pili tulitazama nyingine yake, « En route pour le milliard », ya mwaka 2020. Hao ni watu wa Kisangani waliopoteza miguu na mikono mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana kwa siku sita ndani ya mji. Washuka mto Kongo kwa mashua kubwa hadi Kinshasa, wakidai malipo yao. Mvua yawanyeshea chini ya turubai, na huko Kinshasa hawapokewi kama walivyotazamia. Jumba lilinyamaza kimya. Padri akatueleza kwamba mwezi wa Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dolari milioni 325. Yule kijana mtetezi wa majibu ya kununua akauliza upesi: « Je, zitafika kwa wale wa mashua? » Watu wakaanza kubishana wote pamoja, hata mafuta ya jenereta yakatuishia.

Gizani yule mama wa samaki akaomba kwamba safari ijayo tumletee sinema ya kuchekesha. Tumemwahidi « La Vie est belle », ya mwaka 1987, ambamo Papa Wemba acheza kijana wa kijijini aliyekuja Kinshasa kutafuta muziki. Amesema atakuja na majirani zake.