Karatasi Mbili za Bukirasazi

Ukitoka mjini Gitega kuelekea kusini unaingia Bukirasazi, kwenye vilima vya Kirimiro. Hapa nyumba hazikusanyiki kijijini kama tulivyozoea Tanzania. Kila familia ina urugo wake, yaani boma, mgongoni mwa kilima, migomba imeuzunguka, maharage na mihogo vinateremka hadi bondeni. Familia nyingi za Burundi zinalima chini ya hekta moja, na hicho hicho kipande baba atawagawia wanawe. Basi anayelima nusu hekta afundishwe biashara gani?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kugawa vitu. Mradi ulikuja na mbegu, majembe, pengine mbuzi, pamoja na semina yenye posho. Mradi ulipofungwa, shughuli nazo zilikufa, maana mpango ulikuwa wa wageni tangu mwanzo.

Katikati ya miaka ya 2010 Burundi ikaanza njia nyingine, iliyobuniwa na mtafiti Aad Kessler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, wakifanya kazi na wakulima wenyewe. Inaitwa PIP, kifupisho cha Kifaransa cha mpango wa mkulima unaounganisha mambo yote ya shamba na nyumba. Mradi wa PAPAB, kwa fedha za Uholanzi, uliieneza mikoani, na baadaye ikafika Uganda na mashariki mwa Kongo. Familia inaanza na karatasi, na jembe ni lile lile lililoko nyumbani.

Mume, mke na watoto wanakaa chini wachore shamba lao lilivyo leo: mahali maji ya mvua yanapokata udongo, mbuzi anapofungwa, pale pasipoota kitu. Karatasi ya pili ni shamba wanalolitaka baada ya miaka michache. Katikati ya karatasi hizo ndiko ziliko kazi zenyewe: nani atachimba mtaro wa kuzuia mmomonyoko, nani atapanda majani ya mifugo ukingoni mwake, msimu gani, kwa fedha ipi. Mchoro unabandikwa ukutani. Familia zilizotangulia ndizo zinazowafundisha majirani, na kwangu hili ndilo jambo la maana kuliko yote, kwa sababu jirani anaweza kwenda kuukagua mtaro wao kwa macho yake. Kuchora pamoja kunamsaidia mke pia. Kazi zake ambazo hakuna aliyekuwa akizihesabu sasa zimo kwenye mchoro, na pesa ya mauzo ya kahawa inajadiliwa kabla haijatumika.

Hesabu ndilo somo gumu. Chukua nguruwe, mfugo unaopendwa sana Gitega. Jike hubeba mimba miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Familia nyingi huandika bei ya kununua na bei ya kuuza, zikaita tofauti hiyo faida. Mkufunzi mzuri anauliza: na viazi vitamu alivyokula? Na asubuhi za mtoto aliyekata majani? Vikijumlishwa, faida inapungua sana, pengine inakwisha kabisa. Hapo anauliza swali la pili: samadi mmeiandika wapi? Udongo wa vilima hivi umechoka na una asidi nyingi, na mbolea ya kiwandani hufanya kazi vizuri zaidi ikikutana na mboji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya faida ya nguruwe huonekana kwenye mahindi na maharage, miezi mingi baada ya samadi kutoka bandani. Daftari lisilo na mstari wa samadi litaishauri familia iuze mnyama anayeilisha.

Kisha kuna kalenda. Msimu wa kwanza, Agatasi, huanza Septemba. Impeshi hufuata Februari. Ici hulimwa mabondeni wakati wa kiangazi. Septemba hiyo hiyo shule zinafunguliwa. Ndiyo sababu familia huuza maharage mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, ikayanunua tena kwa bei kubwa siku za kupanda. Dawa yake ni akiba ya kikundi. Vikundi vya Nawe Nuze, vilivyoenezwa na shirika la CARE, vinafuata mtindo ulioanza Niger mwaka 1991, na msomaji wa Tanzania atavitambua kuwa ndugu wa VICOBA. Mkopo mdogo wa Septemba unaweza kuyaacha maharage ghalani. Huko Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero, somo la bei lina uzito zaidi, kwani soko la Tanzania liko jirani.

Linabaki suala la ardhi. Burundi haina sheria ya mirathi inayompa binti haki sawa katika shamba la baba yake. Mila ndiyo inayoamua. Mjane naye anaweza kuupoteza mparachichi alioupanda kwa mikono yake, nao hata ukiwa wa kupandikizwa huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Sheria ya ardhi ya 2011 iliziwezesha komine, yaani serikali za mitaa, kutoa vyeti vya ardhi, na jina la mke linaweza kuandikwa pamoja na la mumewe. Ningetaka kila mkufunzi awapeleke mume na mke katika ofisi ya komine kabla hawajapanda mche wa kwanza.