Fahamu: Je, aliyefungwa anaweza kumiliki bunduki tena?

Nchini Marekani, mwaka 2025 serikali ilianza kuwarudishia haki ya silaha baadhi ya watu waliowahi kutiwa hatiani, akiwemo mwigizaji Mel Gibson. Kwa mkazi wa Mbulu au Hanang, hali ikoje?

Ni haki? Hapana. Tanzania bunduki humilikiwa kwa leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Hakuna haki ya kudai irudishwe; kuna maombi tu.

Maombi huanzia wapi? Kijijini. Mfugaji wa Basotu au mkulima wa Dongobesh huanza na viongozi wanaomfahamu, kisha polisi wa wilaya, ndipo faili liende ngazi ya mkoa, mjini Babati. Rekodi ya jinai huchunguzwa.

Msamaha wa Rais je? Ibara ya 45 ya Katiba humruhusu Rais kusamehe au kupunguza adhabu. Anayetoka gerezani kwa msamaha huo hatoki na leseni mkononi.

Na mwenye gobole la siri? Huweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi. Mwaka 2023 serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari, Septemba hadi Oktoba. Tangazo kama hilo likitoka tena, usilipuuze.